Ufunguo wa Akiba

6 Februari 1993

Baba,

Shikamoo. Na shikamoo nyingine mpelekee Mama jikoni, maana najua barua zangu unazisoma kwanza peke yako huko ghalani, umekaa juu ya magunia, halafu unakwenda kumsimulia yale unayoyataka wewe. Mwambie nakula vizuri. Mgongo wake vipi? Na wale kuku waliobaki, wanataga au wanakula bure?

Mimi mzima. Nimepata chumba karibu na kiwanda, nakaa na msichana anayejifunza kuchomelea vyuma. Ni mtu mzuri, ila anakoroma utafikiri mota iliyokosa grisi. Masomo ya darasani yamekwisha. Sasa tumeletwa kiwandani kujifunza kazi yenyewe: kubadilisha beringi, kukaza mikanda, kusikiliza mashine inayolalamika na kujua inalalamikia nini. Kiwanda kinasaga maboksi na karatasi kuukuu kutengeneza maboksi mapya. Mikono yangu imeshakuwa myeusi, sabuni haina kauli tena.

Kuna pipa moja la chuma, kubwa kuliko sebule yetu. Chini yake kuna mapanga yanayozunguka kusaga karatasi na maji. Watu wa hapa wanaliita Mama Mkwe, kwa sababu ukiingia kwake unainama, husemi sana, na unaomba kutoka mapema. Mapanga yakiisha makali, fundi anaingia humo ndani kwa ngazi kuyabadilisha. Ndiyo, Baba, ndani kabisa, amesimama juu ya mapanga. Na sisi wanafunzi kila mmoja ataingia. Asiyeingia hapati cheti.

Naogopa. Nakwambia wewe, Mama usimwambie.

Ila kuna sheria. Kabla ya kuingia, fundi anazima swichi kuu iliyo kwenye kibanda cha mwendesha mashine, anaifunga kwa kufuli lake mwenyewe, na ufunguo anaingia nao. Hata meneja haruhusiwi kuligusa kufuli hilo. Kufuli moja, ufunguo mmoja, roho moja, ndivyo anavyosema mwalimu wetu. Siku ya kwanza alituambia tulete funguo za pili za makufuli yetu, akaziweka juu ya chuma akazipondaponda mbele yetu. Tangu hapo tunamwita Mwalimu Nyundo. Zamu yangu ilipofika nilimwambia kufuli langu alininunulia baba yangu, nalo lilikuja na ufunguo mmoja. Akaniuliza, una hakika? Nikaapa. Ni kweli lilikuwa na mmoja, Baba, au sivyo?

Mwanao fundi (bado nusu)


27 Februari 1993

Mama,

Marahaba sana. Nikikuita Mama usijione mkubwa, ni jina la marehemu mama yangu ulilobeba, nami namheshimu yeye. Barua yako imefika, nimeisoma juu ya magunia kama ulivyosema, mchawi wewe.

Huku hatujambo. Mgongo wa mama yako unauma asubuhi, mchana unapona, jioni ukisikia kuna maji ya kuchota unauma tena. Kuku watatu wanataga, mmoja anakula bure, nadhani amenifuata mimi tabia. Mvua zimeanza mapema na barabara imekuwa uji. Shuleni wameniletea maharage ya muhula mzima, nikayahesabu mbele ya mkuu wa shule, akaona haya kwa alivyonishuku wizi mwaka jana. Wanafunzi bado wananiita Kengele, kwa sababu ya hizi funguo kiunoni. Wakinisikia naja wanaacha kuiba sukari. Waniite tu. Tangu nianze kazi hii hajawahi mtu kufungiwa nje shuleni kwetu, wala ndani. Unajua kwa nini? Kila kufuli lina ufunguo wake wa akiba. Kufuli lenye ufunguo mmoja ni yatima. Akiba haiozi, Mama.

Sasa habari njema. Mpwa wangu Chapuchapu, binamu yako, amepata kazi hapo hapo kiwandani kwenu! Anakuja kuwa mwendesha mashine. Shangazi yako amepiga vigelegele mpaka jirani wakadhani kuna harusi. Nimefurahi kuliko hata yeye, maana sasa una mtu wa damu yako huko. Nimempa sweta lako ulilosahau, na nimemwagiza akuangalie ukipata shida yoyote. Wewe ulivyo tunakujua. Sanduku la shule ulipoteza ufunguo wake mara ngapi? Tulikuwa tunalivunja kwa patasi. Basi usiwe na wasiwasi wa kufungiwa nje ya kitu, baba yako hajalala.

Hiyo habari ya kuingia ndani ya pipa sijamwambia mama yako. Nimemwambia unajifunza kupaka grisi.

Baba


20 Machi 1993

Baba,

Shikamoo. Asante kwa sweta, limefika na harufu ya nyumbani. Mwambie Mama mwenzangu wa chumbani ameolewa, sasa nalala kwa amani, ila chumba kimekuwa kikubwa na jioni nasikia kila kitu.

Chapuchapu amefika. Hajabadilika hata kidogo. Chai anaimeza inawaka, ngazi anashuka kwa kuruka. Wamempa kibanda cha Mama Mkwe, kwa hiyo ndiye anayebonyeza kitufe cha kuliwasha. Msimamizi wa uzalishaji anampenda sana kwa sababu halali. Sisi mafundi hatuipendi haraka yake. Juzi tulisimamisha pipa kusafisha, akawa anatuchungulia kila saa, "Bado tu? Nyinyi mnakula muda wa watu." Mwalimu Nyundo akamwambia, "Kijana, muda utapata mwingine kesho." Akacheka, lakini kwa midomo tu.

Baba, nimeingia. Wiki iliyopita. Mwalimu alikuwa juu, mimi nikashuka na spana na taa ya waya. Ndani kuna baridi, na chuma kinarudisha kila sauti, hata ya kumeza mate. Nilisimama kwenye panga lenyewe, nikashindwa kuiachia ngazi. Nikasema nikipiga kelele humu nani atanisikia? Hapo nikashika ufunguo wangu, nimeufunga kwa kamba shingoni, nikajisemea maneno haya haya: mashine hii haiwezi kuwaka, kwa sababu kinachoweza kuiruhusu iwake ni hiki kidude kilicho mkononi mwangu, na duniani hakuna kingine. Nikaiachia ngazi. Nikalegeza nati ya kwanza, kisha ya pili, mpaka kazi ikaisha.

Kuna mzee mmoja anafagia ghala la karatasi. Zamani alikuwa fundi hapa. Mguu mmoja hana. Nilimuuliza ilikuwaje, akasema, "Walidhani nimeshatoka," akaendelea kufagia.

Ndiyo maana nakuuliza tena, Baba, maana ulinijibu habari za maharage na kuku. Kufuli langu lilikuwa na ufunguo mmoja?

Mwanao


5 Aprili 1993

Mwanangu,

Ukiipata barua hii usiingie. Usimalize hata kuisoma kama uko kazini. Usiingie ndani ya hilo pipa.

Funguo zilikuwa mbili. Wa pili nilibaki nao mimi siku ile ile niliponunua, na Chapuchapu alipokuja kuaga nikamkabidhi mkononi. Nilimwambia, "Huyu dada yako hupoteza funguo. Akikwama, mfungulie." Niliponunua nilidhani ni kufuli la sanduku la spana, au la chumba. Hata uliponiandikia habari za swichi mara ya kwanza nilisema moyoni, haya ni mambo ya walimu, wanapenda masharti. Sikutaka uone aibu kwa yule mwalimu kwamba uliapa uongo. Nikanyamaza. Leo nimesoma habari ya huyo mzee wa mguu, ndipo nikaelewa.

Nimekwenda posta kupiga simu kiwandani. Mara ya kwanza iliita tu mpaka ikakatika. Mara ya pili akapokea karani, nikamwambia, mwambieni binti yangu asiingie, kuna ufunguo mwingine. Akaniuliza, "Mzee, umepotelewa na ufunguo?" Nikaanza kumweleza upya. Akasema ofisi haipokei ujumbe wa wanafunzi, akaweka simu. Nimejaribu tena, laini zimekufa kwa mvua.

Ningekuja mwenyewe. Daraja limekwenda na maji, magari yamejipanga huku na huku, watu wanalala humo. Barua hii nimempa dereva wa lori anayesubiri, ameahidi. Nyingine kama hii nimeitia posta. Shangazi yako nilimwambia aandike kwa mwanawe arudishe ufunguo, akanijibu, "Mwanangu si mjinga, ataufanyia nini?" Tumegombana mbele ya watu.

Mwambie mwalimu wako ukweli. Mwambie ni mimi. Usiingie, mama yangu, tafadhali.

Baba


9 Aprili 1993

Baba mpendwa,

Shikamoo! Barua zako zimekatika, naona ni hizo mvua. Au umenuna kwa kuwa nakuuliza uliza? Basi nimeacha. Ungekuwepo ufunguo mwingine ungeshaniambia, nakujua, huwezi kukaa na kitu moyoni, hata zawadi ya Mama ya sikukuu huwa unaitangaza kabla.

Nina furaha, acha niseme. Mtihani wangu wa mwisho ni Jumatano, tarehe 14. Nitaingia kwa Mama Mkwe peke yangu na kubadilisha mapanga yote, Mwalimu Nyundo atasimama juu ya mdomo wa pipa akiangalia. Nikifaulu, mimi ni fundi kamili, na wameshanidokeza kwamba kazi ipo.

Na woga umepungua! Zamani nilikuwa naota naitwa nikiwa ndani, siwezi kujibu. Sasa nalala. Nimemwambia Mwalimu, "Siogopi tena." Hakufurahi. Alisema, "Fundi asiyeogopa simtaki, namtaka anayeogopa na kufunga." Ana maneno yake yule.

Chapuchapu ameahidi kuninunulia soda nikitoka. Anasema nifanye haraka tu, msimamizi amemwambia pipa lisimame asubuhi moja, si zaidi.

Mwombee Mama mgongo, na mimi niombeeni Jumatano.

Mwanao (karibu fundi)


17 Aprili 1993

Mwanangu,

Barua yako ya tarehe 9 nimeipata leo, mifuko ya posta inavushwa mto kwa kamba. Jumatano imeshapita, simu bado zimekufa, na daraja bado.

Sijui namwandikia nani. Naandika kwa sababu nikiacha kuandika mikono inatafuta kitu cha kushika, nami nashika funguo hizi za kiunoni, nazo sitaki hata kuzisikia. Leo wanafunzi wamechukua sukari mchana kweupe, nimewaona, nikawaacha.

Unasema nisingeweza kukaa na kitu moyoni. Nilikaa nacho.

Mama yako ananiuliza kwa nini sili. Nimemwambia tumbo. Ametia chumvi maji, amenipa nikanywa yote, ananiangalia kwa huruma, na mimi namwangalia yule mama wa watu nasema, akijua? Kila gari la posta likipita naenda barabarani. Jana mwanamume mmoja mgeni alibisha hodi mchana, amevaa koti. Nilijificha ndani ya nyumba yangu mwenyewe kama mwizi, nikidhani amekuja kutuambia. Alikuwa anauza vitabu.

Kama unaisoma hii, andika neno moja. Hata la kunitukana.

Baba


21 Aprili 1993

Baba,

Mimi mzima. Naanza na hilo kwa sababu barua zako mbili za tarehe 5 nimepewa pamoja jana, zimeloa, na najua uko katika hali gani. Nina mikono miwili, miguu miwili na kichwa. Shikamoo.

Sikutaka kukuandikia yaliyotokea. Nilianza barua mbili nzuri za kukwambia mtihani uliahirishwa, nikazichana. Basi sikiliza.

Jumatano nilifunga swichi kwa kufuli langu, Chapuchapu yuko kibandani ananitania. Nikapanda, nikaingia. Panga la kwanza likatoka vizuri. Nikiwa kwenye la pili taa yangu ikazimika, ndani kukawa giza tupu. Umeme ulikuwa umekatika mji mzima. Nikalaani, nikasema bahati gani hii, siku ya mtihani! Mwalimu akaniambia, "Kaa hapo hapo, usitembee juu ya mapanga gizani, nashuka kuchukua tochi." Nikamsikia anashuka ngazi za nje.

Chapuchapu naye akamwona anashuka. Kibanda kina dirisha, mchana mweupe, hakujua umeme hakuna. Msimamizi alikuwa ameshampitia mara mbili kumuuliza pipa litawaka lini. Akadhani tumemaliza, na mimi nimesahau kufuli langu kama kawaida yangu. Akakumbuka ulichomwambia. Akatoa ufunguo, akanifungulia. Akapandisha swichi. Akabonyeza.

Haikuwaka. Akabonyeza tena.

Mimi sikusikia chochote, Baba. Nilikuwa nimechuchumaa gizani naukasirikia ule umeme. Mwalimu akarudi na tochi, tukaona giza halifai, akaniambia nitoke, tutaendelea baadaye. Nilipofika chini kwenda kibandani, kufuli langu lilikuwa mezani, limefunguliwa, na karibu yake ufunguo uliofanana na wa shingoni mwangu. Chapuchapu akaniangalia, akauliza, "Wewe umetoka wapi?" Akauliza tena. Halafu akakaa chini kwenye saruji. Mimi nikakaa pia. Tukiwa bado tumekaa pale umeme ukarudi, nikasikia mafeni yanaanza na watu wanashangilia.

Hakuwa na nia mbaya. Analia kila siku. Nimemwambia Mwalimu kila kitu, hata kwamba niliapa bila kujua. Chapuchapu amefukuzwa. Mimi mtihani umefutwa. Mwalimu amesema nikitaka nirudie, muhula mpya unaanza Jumatatu tarehe 17 Mei, na kazi ya kwanza itakuwa lile pipa. Nikitaka kwenda nyumbani, ananiandikia barua nzuri nipate kazi ya kupaka grisi mahali pengine. Kufuli nimeshanunua jingine mwenyewe. Ufunguo wake wa pili nimeuponda mimi.

Lakini sijui kama naweza, Baba. Siku hizi nazunguka kiwanda kizima nisipite karibu na lile pipa. Sikukasirikii kwa kutoa ule ufunguo, ulikuwa hujui uzito wake. Nimekukasirikia kwa vile nilikuuliza na ukanijibu maharage. Kwa hiyo nakuuliza tena jambo moja, na safari hii unijibu, sitaki habari za kuku. Nirudi nyumbani, au niingie?

Mwanao


5 Mei 1993

Mama,

Salamu zitakuja baadaye. Umeniuliza, najibu.

Rudi. Hilo ndilo jibu langu. Rudi leo, daraja wamelitengeneza, panda gari lolote linalokuja upande huu, nitalipa mimi. Chumba chako kipo. Nilipopata barua yako nilikaa barabarani pale pale nikalia, watu wakanizunguka wakidhani nimefiwa, nikashindwa kuwaambia kwamba nimerudishiwa. Tangu siku hiyo kila nikifumba macho namwona yule kijana anabonyeza. Ukiniuliza mara mia nitakujibu mara mia, rudi.

Sasa nisikilize. Jibu hilo ni la woga wangu, na ni woga huo huo uliompa Chapuchapu ufunguo. Niliogopa usije ukakwama, ukaaibika, ukalia peke yako, nikataka niwe na njia ya kukufungulia hata ukiwa mbali. Na nikikurudisha sasa nitakuwa nafanya yale yale. Kwa hiyo usinisikilize. Mimi ndiye baba yako na nakwambia kwa mdomo wangu, katika jambo hili usinisikilize.

Kama moyo wako unataka kazi hii, Jumatatu hiyo ya tarehe 17 ingia. Kama hautaki, rudi, lakini iwe ni wewe uliyekataa.

Mama yako nimemwambia yote. Hajasema na mimi tangu Ijumaa. Chakula ananiwekea, ila kifuniko anakibamiza. Amesema neno moja tu, nalo si langu, ni lako: uogope vizuri. Mgongo wake haujambo.

Ukiingia, ukitoka, niandikie. Sihitaji barua ndefu. Andika "nimetoka." Mpaka karatasi hiyo ifike huku nitakuwa ninaogopa, na hakuna utakalofanya kunisaidia.

Baba